Moja Kanyaga, Mbili Achia

Landrova ilikuwa imeshatoka uani na kuipita mikaratusi ya mwisho, inaitafuta barabara ya Ntendo, Mzee Asajile alipoona kwenye kioo cha pembeni kitenge chekundu kinapepea. Alikuwa mkamwana wake, Kristiana. Anakimbia. Anakimbia peku kwenye ule umande wa Sumbawanga unaouma mpaka kwenye mfupa, mkono mmoja ameshika tumbo, mwingine ameuinua juu.

Asajile akafanya lile ambalo mwanamume mwenye heshima zake alifundishwa kufanya. Aligeuza macho. Kisha akatoa mkono dirishani akakisukuma na kioo chenyewe, kikabaki kinatazama majani.

"Mkamwana wangu anasemaje huko nyuma?" alimwuliza Bertilla, aliyekaa kiti cha pili na kapu la unga wa ulezi mapajani.

Bertilla alitoa kichwa nje. Injini ile haikuwa ya kusikilizana nayo. "Anapunga," alisema. "Anatuaga. Hata mdomo anaufungua, maskini. Mpungie na wewe, mzee, mkono hautakatika."

"Simwangalii, mama. Unajua simwangalii."

"Haya. Mimi nitapunga kwa niaba ya ukoo mzima." Na akapunga, mpaka kona ikawaficha.

Lazima heshima hii ielezwe, maana vijana wa leo wakiisikia wanadhani ulikuwa ugomvi. Kwa Wanyakyusa wa rika la Asajile, baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani. Hawali pamoja, hawapishani njia moja. Mke akisikia mkwe anakuja anajifunika na kuchepuka. Jina la mkwe halitamki, na sauti yake mwenyewe haitakiwi imfikie mkwe sikioni. Mkwe naye kazi yake ni kukohoa kabla ya kukata kona, ili mwenzake apate nafasi ya kujificha. Sasa wewe fikiria nyumba ya vyumba viwili na jiko la nje. Asajile alikuwa anakohoa toka asubuhi mpaka jioni.

"Hicho kikohozi chako, mzee," Bertilla aliwahi kumwambia kutoka ng'ambo ya ua, "ukikipeleka hospitali watakulaza na wenye kifua kikuu."

Bertilla alikuwa jirani yao, mjane wa Kifipa, mpika pombe ya ulezi, na ndiye aliyekuwa mdomo wa nyumba ile. Kristiana akitaka kujua mkwe atakula nini, anamwuliza Bertilla. Mkwe akitaka maji ya moto, anamwambia Bertilla. Bertilla asipokuwepo, kulikuwa na jiwe bapa kwenye kona ya jiko. Kristiana anaweka sahani juu ya jiwe, anaondoka. Asajile anakohoa, anakuja, anachukua. Hivyo ndivyo walivyoishi tangu Andwele alipooa. Andwele alikuwa mtoto pekee wa Asajile, bwana shamba, mmoja wa wale waliohamishwa kutoka Mbeya mkoa wa Rukwa ulipoanzishwa. Alipopata nyumba alimfuata baba yake Tukuyu, akamleta, kwa kuwa mama alikuwa ameshafariki.

Na Kristiana hakuwa hata Mnyakyusa. Alikuwa binti wa wakulima wa Kate, Mkatoliki, na kwao heshima ya mkwe ilikuwepo lakini haikubana namna ile. Andwele alimwomba baba yake zaidi ya mara moja.

"Baba, mwondolee mwenzangu huu mwiko. Hata nyumbani, watu wa kanisani wengi wameuacha."

"Wameuacha kwa wake waliotoka kwetu," Asajile alijibu. "Huyu umemtoa Ufipa. Nikimwacha anipite hivihivi kama mpangaji, shangazi zako watasema hatukuoa, tumeokota. Mimi nataka waseme ameolewa akaoleka."

"Mwenyewe anachoka, baba. Juzi kajificha kwenye banda la kuni, nge nusura amwume."

"Mtoto akizaliwa nitauondoa. Mbele ya watu. Nitachinja na jogoo."

Ndivyo alivyosema, na alikuwa na nia hiyo kweli. Alimpenda yule binti. Aliyapenda maharage yake, alipenda jinsi jiwe lile lilivyokuwa linafutwa kila siku kabla sahani haijawekwa. Ila alimpenda kwa namna aliyofundishwa, ya kumpa mgongo.

Mambo yaliharibika siku Oswaldi, dereva wa lori la mahindi, alipopanda kutoka bondeni na habari. Alisimamisha lori barabarani, hakuzima hata injini.

"Mzee, bwana shamba wenu ameanguka kule vijiji vipya. Homa imempanda kichwani. Dawa waliyonayo haimshushi. Habari nimeipata nikiwa Muze, nimeshapakia mzigo, nisingeweza kurudi nyuma kumchukua."

"Anajitambua?"

"Wanasema anamwita mama yake."

Asajile alishika lango la ua. Mama yake Andwele alikuwa kaburini.

Alikwenda ofisi zote alizozijua. Ilikuwa ndiyo ile miaka ya kuhamisha watu kwenda vijiji vya ujamaa, na kila gari la serikali lilikuwa njiani limebeba vitanda, mabati, kuku na bibi za watu. Andwele mwenyewe ndiyo kazi aliyokuwa ametumwa, kuwapimia mashamba waliohamishwa. Gari pekee lililokuwa limekaa bure mji mzima lilikuwa lile la Asajile, Landrova kuukuu aliyoinunua kwa wamisionari, na ilikuwa imekaa bure kwa sababu haikuwa na breki. Ilikuwa juu ya mawe tangu masika, yeye anasubiri mipira ya silinda za breki itoke Mbeya.

Basi hakusubiri tena. Ufundi aliujua, alikuwa ameshika spana tangu enzi za dhahabu ya Chunya. Aling'oa matairi, akavua dramu za breki moja baada ya nyingine. Ndani palikuwa na hali mbaya: mafuta yamevuja yakachanganyika na vumbi, laini zinazobana dramu zimelowa, mipira imevimba kama midomo ya mtu aliyeng'atwa na nyuki. Alikuwa na mipira mipya michache kwenye kopo la kahawa. Akaifunga magurudumu ya mbele, maana ndiyo yenye kazi kubwa mteremkoni. Ya nyuma akaisafisha ile ya zamani kwa maji ya sabuni, akaikausha juani, akairudisha. Silinda alizipiga msasa mpaka zikang'aa. Laini alizichoma kidogo ili moto uyale yale mafuta, akazikwangua.

Ikabaki kutoa upepo kwenye mabomba ya breki. Na kutoa upepo si kazi ya mtu mmoja, fundi awe bingwa vipi. Mmoja anakaa ndani anakanyaga pedeli, mwingine analala chini, anafungua nati ndogo nyuma ya gurudumu, mafuta yanatoka na mapovu yake, anafunga, ndipo wa ndani aachie. Wa ndani akiachia kabla nati haijafungwa, au lile tenki dogo la mafuta ya breki likikauka, upepo unarudi ndani na breki haishiki. Wanaume wa mtaa ule wote walikuwa kwenye ile operesheni ya vijiji. Bertilla alikuwa amekwenda kupika pombe ya arusi ya binamu yake, atarudi alfajiri, safari ikiwa tayari, kwa kuwa naye alikuwa na binti Muze aliyejifungua na alitaka lifti.

Asajile alisimama katikati ya ua na spana mkononi. Jua lilikuwa limeanza kushuka. Palikuwa na kuku mmoja anachakura karibu na jiko, na mlango wa jiko ulikuwa wazi kidogo.

Akakohoa. Kisha akamwambia kuku.

"Wewe kuku. Mwanangu anakufa bondeni, na mimi nimekosa mguu mmoja tu wa kukanyaga breki."

Kuku akainua kichwa. Mle jikoni mwiko wa ugali ukaacha kugonga chungu.

"Kuku, nisikilize. Mimi sasa naingia chini ya gari, na nitatazama mchanga. Akija mtu akakaa kwenye usukani, sitamwona. Kuna vitu vitatu pale chini. Cha katikati ndicho cha breki. Nikigonga mara moja, akanyage mpaka chini, ashikilie. Nikigonga mara mbili, aachie. Moja kanyaga, mbili achia. Umesikia, kuku?"

Mkwe anaweza kusema na kuku. Mkamwana hawezi, sauti yake ni mwiko hata ikielekezwa kwa mbuzi.

Akalala chini. Muda ukapita, mpaka akadhani hakueleweka. Halafu gari likatikisika kidogo, springi zikalia, na harufu ya moshi wa kuni ikamshukia kupitia nafasi za sakafu ya bati. Alikuwa ameingia. Katika muda wote walioishi ua mmoja hawakuwahi kuwa karibu namna ile. Kati yao palikuwa na bati tu.

Akagonga mara moja. Pedeli ikashuka. Akafungua nati, mafuta meusi yakaruka kwenye kopo, akafunga. Akagonga mara mbili. Pedeli ikapanda. Usimcheke, lakini machozi yalimlenga. Binti yule hakuwahi kukanyaga pedeli maishani mwake, na alikuwa anakwenda sawasawa kama aliyezaliwa gereji.

Shida ilikuwa mafuta. Mafuta ya breki yalikuwa yameadimika kama chumvi, madukani hakuna. Alikuwa na kopo moja tu, na yaliyotoka ilimbidi ayarudishe. Alipotoka chini kuyamimina, alikohoa kwanza, na alipoinuka gari lilikuwa tupu, na juu ya jiwe kulikuwa na kitambaa safi kimekunjwa. Akayachuja kwa kitambaa kile. Akarudi chini, gari likatikisika tena. Gurudumu hili, gurudumu lile.

Walipofika la mwisho, la mbele upande wa dereva, jua lilikuwa limegusa mikaratusi na yeye alikuwa anakimbizana nalo. Hakutoka kwenda kutazama tenki la mafuta. Akasema moyoni, yatatosha.

Akagonga moja. Mafuta yakatoka kidogo, yakakohoa, yakatoka. Akafunga. Akagonga mbili. Akagonga moja.

Honi ikalia.

Fupi tu. Piii. Asajile alishtuka akajigonga paji la uso kwenye chesisi. "Ah!" Akasubiri. Akawaza, amegusa kwa kiwiko, mtoto wa watu, mahali penyewe pamebana na tumbo hilo. Akacheka peke yake kule chini. Akagonga tena, moja.

Honi ikalia tena. Safari hii ilikuwa ndefu kidogo.

Na hapa ndipo penyewe. Asajile alikasirika. Hakukasirika sana, ila kwa kadiri mtu anavyokasirika akiwa na haraka na mchanga uko jichoni. Akaligonga gurudumu kwa spana kwa nguvu, mara moja, mlio wa amri. Pedeli ikashuka. Akafungua, akafunga, akagonga mbili. Honi haikulia tena. Alikuwa amempa mkamwana mlio wa kukanyaga na mlio wa kuachia. Wa kusema hakumpa.

Alipotoka, gari tupu, aliona tenki limekauka mpaka chini. Akaguna. Akalijaza kwa yaliyobaki, akalifunga, akafunga matairi. Alijaribu uani: akakanyaga, pedeli ikazama, akakanyaga ya pili, ikashika, gari likasimama. Breki za kupampu. Wangapi alikuwa amewaona Chunya wanaendesha hivyo miaka na miaka? Alikuwa na mtoto anayemwita marehemu mama yake. Akajiambia zinatosha kwenda na kurudi.

Toka Ntendo njia ni tambarare tambarare, matuta ya mashamba ya mahindi, upepo, na Bertilla anasimulia habari za arusi na nani alilewa akalala na viatu. Breki zilikubali kila alipozipampu. Kisha uwanda ukaisha kama umekatwa kwa panga, na bonde likafunguka chini yao, ziwa linang'aa mbali, joto likaanza kupanda usoni. Huo ndio ukingo wanaouita Lyamba lya Mfipa. Njia inashuka kwa kujikunja, upande mmoja mwamba, upande mwingine vilele vya miti.

Kona za kwanza alikwenda kwa gia ndogo, anapampu mara mbili, inashika. Kona iliyofuata alipampu mara tatu. Bertilla akanyamaza, na Bertilla kunyamaza ilikuwa habari.

"Mzee."

"Naam."

"Huo mguu mbona kama unatwanga?"

Asajile alikanyaga, pedeli ikashuka, laini, haina kitu, kama kukanyaga matope. Akapampu. Matope. Na hapo, kabla hata hajaogopa, aliisikia kichwani ile honi. Piii fupi, halafu piii ndefu. Akajua ilichokuwa inasema. Akakiona na kitenge chekundu, na mdomo ule ambao Bertilla alisema unafunguka.

"Jishike, mama."

Alichagua mwamba. Alilisugua gari kwenye ukuta wa mlima ubavu mzima, bati likipiga kelele, mpaka gurudumu la mbele likaingia mfereji na Landrova ikajilaza. Unga wa ulezi ulijaa mle ndani kama moshi. Mkono wa Bertilla ulikuwa umevunjika juu ya kiwiko. Asajile alitoka na mchubuko tu pale pale kwenye paji la uso.

Walikaa kando ya njia. Mchana ulikuwa haujafika pale waliposikia watu wanapanda kutoka chini, wanaimba ule wimbo wa kubeba mzigo. Walikuwa vijana wa vijiji vipya wamebeba machela ya miti na blanketi. Walikuwa wameambiwa gari linakuja kutoka Sumbawanga, wakaona wamsogeze mgonjwa, wakutane nalo njiani.

Waliiona Landrova wakaacha kuimba.

Andwele alikuwa amefumbua macho. Alikuwa amekonda, midomo imepasuka, lakini alimjua baba yake. Alitazama huku na huku, taratibu.

"Baba," alisema. "Gari liko wapi?"

Asajile aliinuka. Akashika mti wa mbele wa machela, pamoja na vijana, wakapanda. Njia ile kwa miguu, na jua lile, na mgonjwa yule. Andwele alifika juu, kwenye upepo wa baridi wa ukweni kwake, akasema anasikia vizuri sasa. Alikufa kabla ya Ntendo.

Siku ya msiba ua ulijaa. Wanyakyusa waliokuwa mjini walikuja wote, na watu wa Kate walikuja, na wanawake walikaa jikoni na Kristiana katikati yao amefunikwa kitenge. Asajile aliinuka kwenye mkeka wa wanaume. Watu walidhani anakwenda nje. Alikwenda moja kwa moja mpaka mlango wa jiko, na hakukohoa.

Wanawake wa Kinyakyusa walishika midomo. Mmoja, Maria, mke wa karani, alisema, "Baba, huku kuna mkweo!"

"Ndiye ninayemtaka." Akachuchumaa, mzee mzima, mlangoni. Akatazama kile kitenge. "Mwanangu. Nauondoa mwiko leo. Niambie kwa mdomo wako. Siku ile kwenye gari, ulipopiga honi. Na asubuhi yake, ulipokimbia. Ulikuwa unasema nini?"

Kitenge hakikufunuka. Kuku yule alikuwa anachakura nje. Kisha Kristiana akamgeukia Bertilla, aliyekaa pembeni na mkono uliofungwa vibao, akasema kwa sauti ndogo, lakini kila mtu aliisikia:

"Mwambie baba, nilikuwa nasema pedeli inazama. Nilidhani ni mguu wangu usiojua. Usiku, nikikumbuka ilivyokuwa ngumu mwanzo, ndiyo nikajua si mguu, na alfajiri nilipotoka kukuambia wewe, gari lilikuwa limeshaondoka."

Bertilla aliyekuwa mdomo wa nyumba ile alifungua kinywa na hakikutoka kitu. Akatikisa kichwa, machozi yanamdondoka.

"Basi, mama," Asajile alisema. "Nimesikia."

Hayo ndiyo maneno yote aliyowahi kuyasikia kutoka kwa mkamwana wake. Mwiko aliuondoa, watu wote mashahidi, ila Kristiana hakuuacha. Hakuuweka kwa chuki. Alisema kwa wenzake kwamba hajui aanzie wapi.

Kristiana alirudi Kate kwa wazazi wake kabla mahindi hayajavunwa. Alijifungua mtoto wa kike, akampa jina la upande wa baba, Suma. Baadaye aliolewa na mkulima aitwaye Felisiani, wakazaa wengine.

Bertilla mkono wake uliunga umepinda. Aliendelea kupika pombe kwa mkono mmoja na kukorogewa na wajukuu, mpaka alipofariki kwa uzee.

Oswaldi aliacha lori, akafungua mashine ya kusaga nafaka.

Landrova haikuvutwa. Watu wa bondeni walichukua matairi, kisha viti, kisha mabati, na mvua ikachukua iliyobaki.

Asajile alibaki Sumbawanga miaka michache, akihangaika na majembe ya watu na baiskeli. Gari hakuligusa tena, na hata kukohoa aliacha. Wakati wa likizo Suma aliletwa kwa basi kumwona, na mama yake alimsindikiza mpaka stendi ya Sumbawanga, akarudi bila kufika nyumbani. Mwisho ndugu walimfuata mzee wakamrudisha Tukuyu, akazikwa huko. Kristiana alikuja kwenye maziko. Alikaa nyuma, amejifunika.